Nuhaila Aliyekataa Kufunikwa Mdomo

Alitawala katika mji wa Durari, mji wenye milango saba ya shaba na bustani za makomamanga zilizonyweshwa kwa mifereji ya marumaru, sultani mmoja aitwaye Ghalibu bin Munadhari, na enzi yake ilikuwa kubwa, na wageni walimjia kutoka kila pembe ya dunia, wenye vilemba na wenye kofia za manyoya, wenye kusema kwa koo na wenye kusema kwa pua, na hakuna hata mmoja aliyeelewana naye ila kwa ulimi wa Nuhaila binti Hamdani.

Huyu Nuhaila alikuwa mkalimani wa baraza. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na miwili, hakuwa ameolewa, na kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyemfundisha lugha saba za wanadamu na moja isiyo ya wanadamu, kwani mzee Hamdani katika ujana wake alikaa miaka mitatu katika nchi ya majini, ama kwa kutekwa ama kwa kupenda, hakupata kusema. Kila siku tangu jua kuchomoza hadi alasiri Nuhaila alisimama kwenye bega la kulia la Sultani, na mgeni akisema neno, yeye aliinama akamnong'oneza Sultani maana yake sikioni. Na desturi ya baraza lile ilikuwa kwamba mtumishi asimamaye karibu na kiti cha enzi haruhusiwi kula wala kunywa mbele ya Sultani, hata tone la maji, hata siku ya jua la kupasua mawe. Naye hakulalamika, maana aliipenda kazi yake, na alijua kwamba watu wa Durari wakitaka kuapa juu ya jambo la kweli, husema: ni kweli kama neno la Nuhaila.

Waziri mkuu, jina lake Hisamu, alimtaka siku moja ayalainishe maneno ya mjumbe aliyekuja kumshitaki yeye Waziri mbele ya Sultani. Nuhaila akakataa, akayafikisha yote kama yalivyosemwa, na tangu siku ile Waziri akaweka kinyongo na kungoja.

Hakungoja sana. Asubuhi moja Sultani, alipoinamiwa sikioni, alisogeza kichwa. Kesho yake alisogeza kiti. Siku ya tatu alitoa leso iliyorashiwa waridi akaiweka puani, na baraza zima likaona. Nuhaila naye aliona, na uso ukamwaka moto, na akaendelea kutafsiri maneno ya mfanyabiashara wa hariri hadi la mwisho kwa sauti isiyotetemeka. Lakini alipofika nyumbani aliufunga mlango, akalamba mgongo wa mkono wake, akangoja ukauke, akaunusa, kisha akaketi sakafuni na hakuinuka kwa muda mrefu.

Akaanza kutafuta dawa. Alitafuna karafuu na iliki, akala majani ya mnanaa, akafukiza ubani hadi macho yakamchuruzika, akasukutua kwa maji ya waridi, akafunga siku saba akidhani ni tumbo. Kila dawa ilimpa saa moja ya heri, na baada ya saa hiyo harufu ikarudi na kukaa pale pale ilipokuwa, na ile saumu ndiyo iliyoizidisha.

Waziri Hisamu alipoona hayo, akamshauri Sultani amwite Burhani, hakimu, yaani tabibu wa kasri, mtu mwenye ndevu zilizopakwa hina na vitabu vilivyobebwa na punda wawili. Hakimu Burhani alimtazama Nuhaila kutoka umbali wa hatua kumi, huku akijipepea kwa unyoya wa tausi, na wala hakumwambia afungue kinywa. Akasema: "Ewe Maulana, Mola akuzidishie umri. Vitabu vya wahenga vimetaja sababu moja tu ya uvundo wa namna hii. Uongo ukirundikana juu ya ulimi huoza kama nyama, na huo ndio unaonuka."

Sultani akamgeukia mkalimani wake, na macho yake yalikuwa ya huzuni, na ndani ya huzuni mlikuwa na shaka.

Nuhaila akapiga magoti, akasema: "Maulana, kinywa changu kinanuka. Silikani jambo ambalo pua yako imelishuhudia, na sababu yake siijui, na kama hakimu angeijua angenisogelea. Lakini nimekutumikia miaka kumi na minne, na neno la uongo halijatoka hapa kuingia katika sikio lako. Niite mgonjwa, nitakubali. Usiniite mwongo."

Waziri akainama upande wa pili na kusema maneno yake, na mwisho wa maneno hayo ikatoka amri: Nuhaila ashonewe kifuniko cha ngozi cha kufunga mdomo, chenye kamba za kukazwa kisogoni, akivae kila atokapo nyumbani, na asipokivaa, aondoke ndani ya milango saba. Na kazi yake akapewa Lutufi, mpwa wa Waziri, kijana aliyejisifu kujua lugha nane naye akijua mbili na nusu.

Kazi ya kukishona kifuniko akapewa mtengeneza ngozi mmoja aitwaye Azzani, mjane wa makamo, mpole wa maneno, mwenye mikono iliyogeuka manjano hadi viwikoni kwa maji ya magome. Alikuja nyumbani kwa Nuhaila na kamba ya kupimia, akabisha hodi, akakaribishwa, akasimama mlangoni asijue aanzie wapi.

"Nimetumwa nikupime, Bi Nuhaila," akasema.

"Unipime nini, Bwana Azzani?"

"Kutoka pua hadi kidevu, na mzunguko wa kichwa."

"Pima ukitaka, na ushone ukitaka, maana najua umeamriwa. Lakini mimi sitakivaa. Utakuwa umeshonea sanduku."

Azzani akaitazama ile kamba mkononi mwake, kisha akaikunja na kuitia mfukoni. "Bibi, ni miaka ishirini na mitano watu wakipita mbele ya karakana yangu wanaziba pua. Wameziba zao. Hawajapata kuja kuniziba mimi. Ngozi ya kazi hii sina, na nitawaambia hivyo."

Akawaambia hivyo, na kwa jibu hilo akapoteza kazi zote za kasri, hatamu na viatu na matandiko. Na Nuhaila kesho yake alipita katikati ya soko uso wazi, kichwa juu, akiwasalimu watu kwa majina yao, na aliyejifunika pua akasalimiwa mara mbili. Kisha akatoka kwa mlango wa saba na vitabu vya baba yake kichwani, akaenda kuishi katika Mtaa wa Ngozi ulio nje ya ukuta, ambako watengeneza ngozi walifukuziwa tangu enzi za babu zao. Mama yake Azzani, kikongwe asiyekuwa na meno ila matatu, akampa chumba.

"Ingia, mwanangu," kikongwe akasema. "Sisi huku tulishasahau kunusa. Ukitaka kutusumbua itabidi utafute jambo jingine."

Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile leso, Nuhaila alicheka kinywa wazi.

Haukupita mwezi likatokea jambo lililoutikisa mji. Upande wa magharibi wa Durari, mwendo wa nusu siku, kuna uwanda wa chumvi, mweupe na mtupu hadi upeo wa macho. Na adhuhuri moja likaonekana pale umbo kama mlima uliokaa kitako, na lilikuwa ni jini, mrefu kuliko minara minne, mabega yake yakitoka moshi. Akafungua kinywa akalia kuelekea mjini, na baada ya sauti ukaja upepo wa pumzi yake, na ulikuwa uvundo ambao hakuna aliyepata kuunusa mfano wake. Maziwa yaliganda katika vibuyu, makomamanga yalipukutika mabichi, ngamia walilala chini wakakataa kuinuka, na watoto wachanga walitapika. Siku ya pili akalia tena, na siku ya tatu.

Nuhaila alikuwa juu ya paa akianika nguo za kikongwe, na siku ile ya kwanza alipoisikia sauti aliiachia nguo ikaanguka, kwa kuwa aliyaelewa maneno. Jini alikuwa akisema: "Enyi wenye mikono midogo, nimekaa mbali nisiwadhuru. Ninaumwa. Je, yuko mmoja wenu atakayethubutu kunitazama kinywani?"

Akashuka akaenda mbio hadi mlango wa kasri, akamwomba bawabu amfikishie Sultani habari hiyo. Bawabu akamwita Waziri, na Waziri akatoka akasimama juu ya ngazi, leso puani.

"Jini haombi vita," Nuhaila akamwambia. "Ni mgonjwa, anaomba msaada. Niruhusu niseme naye."

"Neno lako lilishahukumiwa, bibie," Waziri akajibu. "Mkalimani wa Sultani ni Lutufi." Na mlango ukafungwa.

Siku ya tatu Sultani alipanda ukutani pamoja na Lutufi, akamtaka amweleze jini asema nini. Lutufi hakuelewa hata herufi moja, lakini mjomba wake alikuwa amekwisha kumpa jibu. Akasema: "Maulana, jini asema mji wako una mtu mwenye kinywa kinachonuka, na harufu hiyo ndiyo iliyomkasirisha akaja. Apelekewe mtu huyo, naye ataondoka."

Sultani Ghalibu aliinamisha kichwa. Alikuwa ametoka kumwona mtoto wa dada yake akitapika hadi damu, na hofu ilikuwa imemjaa. Akatoa amri.

Askari walipofika Mtaa wa Ngozi walikuta watengeneza ngozi wamesimama kuziba njia, kila mmoja na kisu chake cha kukwangulia, na mama yake Azzani mbele yao ameketi juu ya kiti cha kamba. Damu ingemwagika, lau Nuhaila asingetoka mwenyewe.

"Mpisheni mkuu wa askari," akasema. "Nilikwenda kuomba niende, nikakataliwa. Leo wananilazimisha kufanya nililoliomba. Lakini, bwana mkuu, kamba hizo zirudishe. Nitakwenda kwa miguu yangu, mikono huru na mdomo wazi, na ninyi mnifuate nyuma kama mtaiweza ile harufu."

Azzani akatoka katika mstari, begani amebeba kisu kirefu cha kukwangulia ngozi za ng'ombe, na furushi la kamba za ngozi iliyosokotwa. "Nimesikia kuna kinywa cha kutazamwa," akasema. "Kwa nini ukitazame peke yako?"

Nuhaila akamtazama. "Anaweza kukifumba nasi tukiwa ndani."

"Anaweza," Azzani akasema, na akatangulia kutembea.

Askari waliishia nusu ya njia, wakarudi wakiyumba. Wale wawili wakaendelea juu ya chumvi ing'aayo, mitandio imelowekwa siki usoni kwa sababu ya upepo ule. Nuhaila alikuwa anajua lugha ya majini, lakini hajapata kumwona jini. Walipofika penye vidole vya miguu yake, kila kidole kama nyumba ya orofa moja, Nuhaila aliuvua mtandio ili aonekane asemaye, akaita kwa lugha ya baba yake:

"Amani juu yako, ewe uliyeumbwa kwa moto. Mimi ni Nuhaila binti Hamdani, na huyu ni Azzani. Tumekusikia."

Jini akainamisha uso taratibu sana, akageuzia kinywa pembeni, akasema kwa upande mmoja wa mdomo, na ilikuwa dhahiri kwamba ana haya. "Jina langu ni Dahmaruni. Miaka mia tatu sijasemeshwa. Watu wangu walinifukuza katika Jabali Kafu, wakasema pumzi yangu ni alama ya kiapo nilichokivunja. Wala sijavunja kiapo chochote, binti Hamdani. Nimejichunguza miaka mia tatu, kiapo hicho sikijui."

Nuhaila akasema: "Mimi waliniambia ni uongo. Fungua kinywa, Dahmaruni. Tutatazama, ndipo tutakapojua."

Jini akalaza kidevu chini juu ya chumvi, akafunua kinywa kama pango, na jua likaingia ndani, nao wakapanda juu ya mdomo wa chini wakashikana mikono. Na ndani ya pango lile waliona ajabu. Ulimi wake kwa mbele ulikuwa mwekundu, lakini kadiri ulivyokwenda nyuma ulifunikwa na utando mweupe mzito uliofika magotini, na ndani ya utando ule ndimo uvundo ulimokuwa ukichemka. Baina ya magego kulikuwa kumekwama milango ya msandali, na vibanda vya kubebea malkia juu ya tembo, na taji, na masanduku yaliyofungamana na mifupa ya fahali. Kwani zamani, kwa hasira ya ujana, Dahmaruni aliuma kilima kimoja bila kutazama, kumbe ndani yake wamezikwa wafalme kumi na wawili pamoja na mali zao. Na gego la mwisho upande wa kushoto lilikuwa limeoza, lina tundu ambalo ng'ombe angeingia akageuka.

"Mwambie," Azzani akasema kwa sauti ya puani, "sisi ngozi ikinuka hatuifukizi. Ukiifukiza inanuka ubani na uvundo pamoja. Tunaikwangua, tunaitia chumvi, tunaiosha, na maji tunabadilisha kila siku. Sioni kwa nini ulimi uwe kitu kingine."

Maneno hayo yalimchoma Nuhaila, maana alizikumbuka karafuu zake zote. Akamtafsiria jini, na jini akajibu kwa kukohoa kidogo, kikohozi kilichowatupa wote wawili juu ya meno.

Wakafanya kazi siku tisa. Azzani alikwangua ulimi kutoka nyuma kuja mbele, na utando ukaporomoka kama theluji chafu, na kila mkwanguo Dahmaruni alisukutua kwa maji ya chumvi aliyoyachota kwa viganja na kuyatema upande wa jangwa lisilo na watu. Baina ya meno walipitisha kamba za ngozi, mmoja akishika huku na mwingine kule, wakivuta kwa zamu, na hazina zikadondoka moja moja na kulia juu ya chumvi. Na muda wote Nuhaila hakuacha kusema naye. Taya lilipotetemeka alimwambia: "Hapo tunagusa ufizi, utauma kama hesabu ya kumi, kisha utapoa." Na Dahmaruni, machozi yakimtoka kama vijito, alihesabu kumi na hakufumba.

Siku ya tisa wakalifunga lile gego bovu kwa kamba zote zilizosukwa pamoja, na ncha ya pili wakaifunga katika jabali lililoko ukingoni mwa uwanda.

"Nikifika tatu, rudisha kichwa nyuma kwa nguvu zako zote," Nuhaila akamwambia, naye amesimama mbali pamoja na Azzani nyuma ya mwamba. Akahesabu moja, akahesabu mbili, na kwa mbili Dahmaruni akarudisha kichwa, kwa kuwa tatu aliiogopa; na gego likatoka kwa kishindo kilichosikika Durari, watu wakadhani ni radi. Jini akasukutua, akatema, akavuta pumzi ndefu na kuitoa. Ukapita juu ya uwanda upepo wa kawaida, wenye joto na harufu ya chumvi tu.

Dahmaruni akaangua kilio cha furaha. Alipotulia akasema: "Sasa zamu yako. Fungua kinywa, binti Hamdani. Macho yangu huona ndani ya jiwe."

Nuhaila akasita. Alikuwa amesimama uso wazi mbele ya soko zima bila kuogopa, na sasa aliogopa, kwa sababu anakwenda kuambiwa. Azzani akageuka akatazama upande mwingine ili asimtie haya. Nuhaila akafungua.

"Kooni mwako," jini akasema, "kushoto na kulia mna vishimo viwili, na ndani yake zimekaa chembe nyeupe kama punje za mtama, ndogo, lakini uvundo wake hauna udogo. Ufizi wa magego yako ya mwisho umeachana na meno, na chini yake umejificha ukoga mgumu kama chokaa. Nadhani ukipiga mswaki hutoka damu, nawe huogopa ukapaacha. Nyuma ya ulimi una utando kama wangu. Na kinywa chote ni kikavu. Mate ndiyo maji yanayokiosha kinywa usiku na mchana, na ya kwako yamekauka. Nani amekunyima maji?"

"Baraza," Nuhaila akasema polepole. "Tangu alfajiri hadi alasiri, miaka kumi na minne, nikisema bila kukoma."

"Basi baraza ndilo lililokutia ugonjwa, kisha likakufukuza kwa ajili yake." Jini akamkazia macho mara nyingine, kila kona ya kinywa chake. "Uongo sijauona."

Nuhaila akafumba kinywa, akalia, na hakumficha mtu machozi yale.

Dahmaruni akang'oa unywele mmoja wa kope yake, mwembamba kama uzi wa buibui na usiokatika, akampa wa kupitisha baina ya meno. Na kwa kipande cha gego lililong'oka Azzani akachonga kikwanguo cha ulimi, laini, na kijiti chenye ncha cha kutolea ukoga. Nuhaila akasukutua koo kwa maji ya chumvi ya vuguvugu hadi zile punje zikatoka, moja, tatu, sita. Ukoga aliutoa mama yake Azzani, aliyekuja juu ya punda, kwa macho yake makali na mkono usiotikisika, kidogo kila siku, na ufizi ulitoka damu wiki mbili kisha ukaacha.

"Usitafute uchawi hapa," jini akamwonya. "Kila asubuhi na kila jioni, kwa mswaki na uzi na kikwanguo, na maji uyanywe mchana kutwa, hadi siku ya kufa. Ukiacha, itarudi. Nami vilevile."

Siku ya arobaini alilamba mgongo wa mkono, akangoja, akaunusa. Akampa mama yake Azzani naye anuse, kwa kuwa hakujiamini.

"Mkono," kikongwe akasema. "Unanuka mkono."

Mjini, tangu kishindo cha lile gego, watu walikuwa wakisherehekea kuondoka kwa ule uvundo, na Lutufi alikuwa amevikwa joho la heshima, na Waziri Hisamu akijitapa kwamba ameuokoa mji kwa kafara ya mtu mmoja. Siku hiyo ya arobaini baraza lilikuwa wazi, uani mbele ya kiti cha enzi, na juu ya ukuta ukaonekana mkono mkubwa ukishuka taratibu, na juu ya kiganja wamesimama Nuhaila na Azzani. Wakuu wakaanguka kifudifudi, wakaziba pua, kisha mmoja mmoja wakazizibua, maana hapakuwa na harufu.

Nuhaila akateremka. Kabla ya salamu alimwendea mtumishi mwenye mtungi, akachukua kikombe, akajaza maji, akanywa mbele ya Sultani hadi tone la mwisho, pole pole.

"Hiyo si adabu," Waziri akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Ni dawa," Nuhaila akajibu. Kisha akasujudu na kusema: "Maulana, ulipelekewa habari kwamba jini huyu alinitaka mimi. Yeye aliomba tabibu. Sikuombi uniamini, kwani kuniamini ulikwisha kuacha. Mwite Lutufi, umnong'oneze amri yoyote aifikishe kwa jini, kisha uninong'oneze mimi nyingine, na macho yako yaamue."

Sultani akamnong'oneza Lutufi: mwambie ainue mkono wa kushoto. Lutufi akatoa sauti za koo, akapuliza, akapiga ulimi. Dahmaruni akamwinamia Nuhaila, akamuuliza kwa lugha yao kama kijana yule anaumwa tumbo. Kisha Sultani akamwita Nuhaila, na Nuhaila akainama sikioni kama zamani, na safari hii Sultani hakusogeza kichwa. Akasema: nataka theluji kutoka kilele cha Jabali Kafu. Nuhaila akasema maneno manne, jini akapaa, na kahawa ilikuwa haijapoa katika vikombe alipomwaga uani rundo la theluji lenye ukubwa wa nyumba.

Lutufi akapiga magoti akakiri yote, na akamtaja mjomba wake. Sultani akaghadhibika, akaamuru kishonwe kile kifuniko cha ngozi, avikwe Waziri Hisamu maisha yake yote.

"Hapana, Maulana," Nuhaila akasema, na baraza likashituka, kwa kuwa neno hilo halikuzoeleka mahali pale. "Mfukuze, mfunge, ni haki yako. Lakini kitu kile kisishonwe kwa ajili ya mdomo wowote katika mji huu. Na amri yake ichanwe hapa, nikiona."

Amri ikachanwa. Waziri na mpwa wake wakatolewa nje ya nchi, na Hakimu Burhani aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo akaja akauliza kwa unyonge kama anaweza kukiona kile kikwanguo. Nuhaila alimfundisha, ila kwanza alimwambia asogee.

Kazi ya ukalimani akarudishiwa, akaikubali kwa nusu ya siku, na kwa sharti kwamba mitungi ya maji iwekwe kwa kila mtumishi wa baraza. Hazina zilizotoka katika meno ya Dahmaruni alipewa Nuhaila na jini mwenyewe, na kwazo akajenga katika Mtaa wa Ngozi, nje ya mlango wa saba, nyumba ya kutibu vinywa, na lango lake likachongwa katika lile gego kubwa baada ya kulisafisha uozo. Azzani alimposa kwa maneno machache, akisema kwamba yeye hunuka magome na hatapata kuacha, naye Nuhaila akajibu kwamba hajawahi kumsikia akiomba radhi kwa hilo na asianze siku ya posa. Wakaoana, na Dahmaruni akaleta theluji ya mwezi mzima ya kupozea sharubati, kisha akarudi Jabali Kafu, akaingia kwa watu wake bila kuomba ruhusa.

Ikawa mwaka wa tatu akaja mjumbe wa siri akamwambia Nuhaila kwamba Sultani ana neno linalomsumbua kinywani, naye aombwa aende kasrini kwa mlango wa nyuma, mtu asijue.

"Mpe salamu zangu Maulana," Nuhaila akasema, "na mwambie nyumba hufunguliwa asubuhi."

Mjumbe akaenda na jibu hilo. Na siku ya pili, kwenye foleni iliyokuwa na wachinjaji na wasusi na muadhini mmoja na watengeneza ngozi wanne, alionekana mtu wa tano kutoka mwisho, amevaa kanzu ya kawaida, na kila mtu alimjua na hakuna aliyempisha, kwa kuwa hakuomba kupishwa. Zamu yake ilipofika, Sultani Ghalibu bin Munadhari aliketi juu ya kigoda mbele ya watu wote, akaegemeza kichwa nyuma, akafungua kinywa, na Nuhaila akainama karibu, karibu sana, akatazama.

Na yamehifadhiwa haya ili ajue mwenye kuyasikia kwamba ugonjwa si dhambi ya mgonjwa, na kwamba anayetaka kuuponya hana budi kusogea; na aliyesimama hatua kumi akahukumu, huyo hajui alisemalo, hata vitabu vyake vibebwe na punda mia.